Finjani Kumi na Moja Langoni

"Alkhamisi, mwezi wa Juni, 1968. Gharbi inavuma tokea asubuhi, upepo wa moto kutoka majabalini. Maji ya mtungini yana uvuguvugu na chuma cha lango hakishikiki. Leo nimekamata mlevi mmoja. Kazi imekwenda sawasawa."

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku ile. Ile sentensi ya mwisho, kwamba kazi imekwenda sawasawa, niliikata kwa wino mwekundu kesho yake. Mkitazama mtaona nimekandamiza kalamu mpaka karatasi imechanika.

Sikutaka kuyaandika haya. Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Kizungu nimekomea darasa la sita Unguja, Kiarabu nimekipata chuoni, na daftari naliweka kwa sababu kichwa changu sikiamini. Lakini mjukuu wangu Hamed, aliye polisi wa barabarani, alikuja mwezi uliopita na kile kidude cha kupulizia. Kanionesha namna dereva anavyopuliza, na namna kidude kinavyosema amekunywa au hakunywa. Kisha akaniuliza, "Babu, na nyinyi mlikuwa mkijuaje?"

Nikamjibu, "Tulikuwa hatujui. Tukidhani."

Akacheka akidhani nafanya mzaha. Basi nimekaa kuandika, yeye na wenzake wapate kujua kwamba haikuwa mzaha.

Maskati ya wakati ule ilikuwa na magari machache mno, hata tukiyatambua kwa ngurumo kabla hayajatokeza. Dereva alipewa ruhusa kwa jina lake, kutoka juu, na ikishaondolewa hairudi. Kwa sisi tuliotoka Unguja baada ya mambo ya sitini na nne, ruhusa ile ilikuwa zaidi ya kazi. Mtu aliyeonekana ana fujo aliweza kuambiwa atafute jahazi, arudi alikotoka. Na alikotoka tulikujua sote.

Mimi nilibahatika. Nilipofika walikuwa wanatafuta mtu wa kuandika pale Lango Kubwa la kuingilia mjini, anayeweza kuandika jina la mtu leo na kesho akalisoma mwenyewe. Nikapewa koti la khaki na ufunguo wa yadi ya magari yaliyokamatwa.

Yadi nasema mimi. Lilikuwa zizi la punda waliopotea, limezungushiwa makuti ya mtende nje ya lango, na walipoanza kukamata magari, punda hawakuhamishwa. Orodha yangu ya mwanzo kabisa ninayo: "Punda watatu, gari moja la jipu, mbuzi mmoja hana mwenyewe." Baada ya siku mbili mwenye jipu alikuja, na jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Mbuzi wangu yuko wapi?" Alikuwa ndani ya jipu, kumbe, na miye nilimteremsha nikamtia pamoja na punda nikamwandika yatima.

Tokea siku ile nikajifunza, nanyi jifunzeni: gari likiingia yadini, vilivyomo viandikwe mbele ya mwenyewe, kimoja kimoja, hata kama ni kiatu cha mguu mmoja. Jambo la pili, ufunguo si kitu. Waliojua magari waliyawasha kwa waya. Fundi mmoja wa Kihindi akanionesha kile kidude kidogo kinachozunguka ndani ya kifuniko cha nyaya za plagi, yeye akikiita rota. Ukikichomoa gari haliendi popote, hata dereva aape kwa Mungu. Nikawa nazichomoa, nazifunga uzi na kikaratasi cha jina, nazitia mfuko wa kanzu. Mke wangu Zuwena akifua hukuta mfukoni vyuma. Akinambia, "Wenzangu waume zao wanarudi na halua, wangu anarudi na matumbo ya magari."

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Shawishi Murad, yaani sajini, Mbulushi mrefu, mkubwa wa zamu yetu, asiyejua kusoma hata jina lake. Akiniita "ya Zinjibari," ewe mtu wa Unguja, kwa utani, lakini utani ule ulikuwa ukinichoma. Kila mara nilihisi ananikumbusha kuwa nimekuja juzi. Basi nikajikaza. Nikazungumza Kiarabu cha pale kwa lafudhi ya pale. Nikafunga kilemba kama wao. Kiswahili nikakiacha mlangoni kwangu kila asubuhi, kama mtu anavyoacha viatu. Mtu akinisalimu kwa Kiswahili langoni, nilimjibu kwa Kiarabu. Sijivunii hilo. Nnasema tu kama lilivyokuwa.

Na ulevi, msidhani tulikuwa tunacheza. Mwaka mmoja kabla ya hiyo Juni, gari liliteremka mlima wa Matrah kwa kasi likamkumba mchota maji na punda wake pale konani. Dereva alikuwa amekunywa. Yule mchota maji nilimbeba mimi. Mguu wake ulikatwa, na mpaka nastaafu nilikuwa nikimwona amekaa sokoni Matrah anauza ndimu. Kwa hivyo nilikuwa mkali, na nasema kwa haki kabisa kwamba ukali wenyewe haukuwa kosa.

Wengi tuliowakamata walikuwa wageni wenye ruhusa ya kunywa majumbani mwao, na wachache walikuwa wetu, waliokunywa hata manukato. Sikumchukia hata mmoja. Kuna mhandisi mmoja wa kigeni aliyenikabidhi ufunguo mwenyewe, akakaa juu ya jiwe akalia kwa ajili ya mama yake aliyekufa mbali. Kesho yake alikuja na bati la biskuti. Nikasema sichukui kitu. Akasema si zako, ni za punda, maana jana walinisikiliza vizuri.

Wageni tuliwatambua kwa harufu na kwa mwendo. Taabu ilikuwa kwa watu wetu. Mtu amejitia udi na mafuta ya mawaridi mpaka pua yako inakufa, au ametafuna karafuu, amekaa kimya na heshima zake. Utajuaje? Shawishi Murad akisema, "Mlevi ulimi wake utakudanganya. Mkono wake hauwezi."

Hapo ndipo nilipoleta akili yangu mimi.

Langoni palikuwa na dele la kahawa mchana kutwa. Nyote mnajua desturi ya huku: unamiminiwa kidogo, unakunywa, na ukitosheka unaitikisa finjani kwa vidole. Usipoitikisa, mwenye dele ataendelea kukumiminia mpaka kiama. Niliwahi kumwona mlevi mmoja, mtu wa hapa hapa, akimiminiwa anakunywa, akimiminiwa anakunywa, finjani tisa, amesahau kutikisa. Nikamwambia Shawishi: tusimsukume mtu wala tusimnuse kama mbwa. Tumkaribishe kahawa. Akimwaga, tumwandike. Akipita finjani tano bila kutikisa, tumwandike.

Shawishi alipiga paja. "Wallahi, Zinjibari ana kichwa!"

Habari ikaenea. Watu waliniita Mwenye Finjani. Kwa mara ya kwanza toka nifike Maskati nilikuwa mtu mwenye jina lake. Nnakuombeni mlikumbuke hilo, kwa sababu mtu akishapewa jina kwa ajili ya kitu, hataki tena kukitilia shaka kitu hicho.

Sasa turudi kwenye Alkhamisi ile ya gharbi.

Baada ya sala ya alasiri likaja pikapu kutoka Matrah limebeba magunia ya mchele ya mfanyabiashara mmoja. Lilikuwa likienda mara upande huu, mara upande ule, likasimama limeliegemea jiwe la lango. Dereva akashuka. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya kazi nzuri, ndevu zimechanwa. Kwa sura ni Mwarabu wa hapa usiyemtilia shaka. Nikamuuliza jina kwa Kiarabu. Akajibu kwa kunong'ona, mdomo nusu umefumba: "Nassor." Nikamuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi. Akanung'unika maneno mawili matatu sikuyashika. Alipopumua karibu yangu nikasikia harufu ya spiriti.

Moyo wangu ukaruka, ule wa mwindaji. Nikamkalisha kitako, nikachukua dele.

Finjani ya kwanza akanywa. Ya pili akanywa. Ya tatu akafumba macho. Ya tano mkono ukaanza kutetemeka, na wenzangu wakasogea kutazama. Ya saba machozi yakamtoka. Niliwaona walevi wengi wakilia, kwa hivyo machozi nayo nikayahisabu ushahidi. Alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, na kila nilipomimina alisema "ahsanta" kwa sauti ndogo, kisha akanywa. Ya kumi na moja ilipokwisha dele likawa tupu.

"Khalas," akasema Shawishi. "Mtie ndani."

Nassor hakubisha. Nilichomoa rota, nikalisukuma gari zizini pamoja na wenzangu, nikaingia chumbani nikaandika ripoti kwa khati yangu nzuri kabisa: "Amelewa." Shawishi akapiga muhuri. Karatasi ikatiwa mkobani kwenda ofisini kwa wakubwa Jumamosi asubuhi. Ikifika kule, ruhusa ya Nassor imekwisha, na Nassor mwenyewe huenda ametafutiwa jahazi.

Nilikuwa nimefanya kosa jengine pia. Kwa furaha yangu ya kumpata mlevi wa finjani kumi na moja, sikuandika vilivyomo garini mbele ya mwenyewe. Nikalikumbuka hilo usingizini, nami sina amani jambo likiwa nusu. Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, nikenda zizini na daftari.

Magunia kumi ya mchele. Spana mbili. Chini ya kiti nilitarajia chupa, na chupa niliikuta, ndogo kama kidole gumba, ya duka la dawa, ina spiriti kidogo na pamba, na ndani ya pamba karafuu tatu. Kando yake sufuria lililofungwa kwa kanga. Nikafungua. Uji wa mtama uliokwisha kuchacha, umeliwa vijiko viwili tu.

Nilikaa juu ya ubao wa gari. Punda mmoja akaja akanusa uji.

Mtu mzima hachukui uji safarini kwa kupenda. Anachukua uji asiyeweza kutafuna. Na pamba ya spiriti na karafuu, mama yangu alikuwa akinitia jinoni nikiwa na miaka minane, Malindi, Unguja. Na kanga ile, fundo lake, namna lilivyofungwa masikio mawili juu ya mfuniko: mwanamke wa hapa hafungi hivyo. Zuwena ndivyo anavyofunga.

Hapo likanijia jambo nililolifukia miaka minne. Wiki yangu ya kwanza Maskati tulialikwa kwa jamaa wa baba. Alinimiminia kahawa nikanywa. Akamimina tena, nikanywa. Kwetu, mtu mzima akikupa kitu huwezi kumrejeshea usoni. Nilikunywa mpaka nikatoka nje nikatapika nyuma ya nyumba, na mwenyeji akabaki anashangaa mgeni gani huyu mwenye kiu. Zuwena ndiye aliyeambiwa na wanawake wa ndani: inatikiswa! Alinicheka mwezi mzima. Nami nikajifunza kutikisa, nikajua kutikisa, nikasahau kwamba niliwahi kutojua.

Nikenda chumba alichofungiwa. Alikuwa ameegemea ukuta, kiganja shavuni, na shavu lenyewe sasa limevimba kama embe. Nikachungulia dirishani nikamwambia, kwa Kiswahili, nimevaa koti langu la khaki:

"Jino gani?"

Alinitazama kama aliyeona meza inazungumza. Kisha taratibu:

"La nyuma. La kulia."

"Toka lini?"

"Siku ya nne leo. Mtu wa wapi wewe?"

"Malindi."

"Lo! Na mimi Vuga, yakhe." Akafumba macho. "Na jana muda wote ule ukanisemesha Kiarabu, nami natafuta maneno ya kukujibu na mdomo haufunguki."

"Na wewe mbona hukusema kama wewe ni wa kwetu?"

"Ami yangu kaniusia. Kanambia, langoni pale usijitie Uunguja, watakuuliza karatasi mpaka za babu yako. Useme kidogo, ukipewa kitu usikatae. Basi."

Usikatae! Neno la finjani lilinifika ncha ya ulimi. Nilitaka kumwambia: kesho na kesho kutwa ukimiminiwa, tikisa, ndugu yangu. Nikajizuia. Nilifikiri hivi: nikimfundisha sasa, nani ataamini kuwa jana hakujua? Nikamuuliza jengine. "Nyumbani nani?"

"Mama, mke, na watoto watatu. Mama haoni. Nikiambiwa nipande jahazi, bwana, mama nampeleka kwa nani?"

Nikenda kwa Shawishi.

Alikuwa anatawadha kwa ajili ya Ijumaa. Nikamweleza yote, jino, chupa, uji, na aibu yangu ya wiki ya kwanza ambayo sikumwambia mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, maji yanamdondoka kwenye ndevu.

"Ulisema amelewa," akasema.

"Nilisema."

"Ukaandika."

"Niliandika."

"Na leo unasema hakulewa. Na yeye Zinjibari na wewe Zinjibari. Mimi nikikuamini, wakubwa watasema nini? Watasema mmekaa mkazungumza maneno yenu mkatengeneza hadithi."

Hilo lilikuwa kweli, na yeye hakulisema kwa ubaya. Ile lugha niliyoificha miaka minne, siku nilipoitoa ndiyo iliyonitia mashakani. Nikasema, "Shawishi, sina la kukuapia isipokuwa haki."

Akafikiri. Kisha akauliza, "Umemfundisha kutikisa?"

"Wallahi sikumfundisha."

"Basi kalete dele. Alilala ndani usiku kucha, tone la pombe hakupata. Akipita tano tena bila kutikisa, basi jana haikuwa pombe."

Wanangu, nimefanya kazi ile na nyengine miaka mingi, sijawahi kubeba kitu kizito kama dele lile. Kwa sababu nilijua tunalokwenda kufanya. Tunakwenda kummiminia kahawa ya moto mtu mwenye jino bovu, na mimi nimekaa pale, na neno moja langu la Kiswahili litamwondolea maumivu na litamwangamiza.

Nassor akatolewa. Walinzi wote wakaja. Shawishi mwenyewe akashika dele, maana mimi hakuniruhusu. "Wewe kaa pale. Usikohoe."

Ya kwanza. Nassor akanitazama. Nikatazama chini. Akanywa.

Ya pili, ya tatu. Akaihamishia kahawa upande wa kushoto, shavu linacheza. Ya nne ikamgusa jino, nikaona mwili mzima umeshtuka toka kisigino, lakini finjani hakuiweka chini wala hakuisukuma. Akasema, "Ahsanta." Ya tano machozi yakaja kama jana, njia ile ile. Ya sita Shawishi alipomimina, mkono uliotetemeka ulikuwa wake mwenyewe Shawishi.

"Bas!" akapiga kelele. "Bas, bas! Allah! Huyu hakulewa. Huyu kalelewa!"

Walinzi wakaangua kicheko, na mmoja akampokonya Nassor finjani kama anayempokonya mtoto kisu.

Mimi nikamwendea. Sasa nikamwambia. "Ulipotosheka si ungeitikisa finjani, bwana wee!"

"Niitikise? Kwa nini, ina njuga?"

"Ukiitikisa ndiyo unasema basi."

Akaitazama ile finjani mkononi mwa mlinzi, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Kumi na saba," akasema. "Jana na leo nimekunywa kumi na saba. Na hamna mmoja aliyenambia!" Kisha akacheka, na kucheka kukamuuma, akashika shavu huku anacheka na kuugua. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Shawishi akaitoa ile karatasi mkobani. Hakuichana. Akanipa mimi. "Iliyoandikwa na wewe, ichane wewe. Halafu andika nyengine, useme umekosea, na jina lako chini. Wakitaka kukuondoa kazini watakuondoa. Mimi nitatia muhuri wangu pia."

Nikaandika. Nilipomaliza akataka nimsomee. Nikamsomea. Akasema jambo ambalo nimelishika mpaka leo, naye hajui kusoma:

"Sikiliza, Zinjibari. Toka leo ukimwona mtu anayumba, andika anayumba. Ananuka, andika ananuka spiriti. Analia, andika analia. Amelewa, hilo usiliandike. Hukuliona. Hilo umelidhani."

Hamed, mjukuu wangu, kidude chako ni kizuri kuliko dele langu, sikatai. Kingekuwapo, Nassor angepuliza akaenda zake, na labda mchota maji angekuwa na mguu wake. Lakini hata kidude kinapokwambia, mtazame mtu na shavu lake.

Kazi sikuondolewa. Niliitwa nikaulizwa, nikajibu, nikaambiwa niende. Kipimo cha finjani kilikufa siku ile, na jina la Mwenye Finjani likafa nalo, wala sikulililia. Lakini nililala na daftari. Nilirudi nyuma nikawahisabu wote niliowaandika kwa kahawa. Walikuwa saba pamoja na Nassor. Watano walikuwa na ushahidi mwengine: chupa, au kuanguka, au kukiri wenyewe. Mmoja hakuwa na kitu isipokuwa finjani. Niliandika juu yake, "Mtu wa Matrah, mpole, finjani nane." Nilimtafuta. Nikaambiwa aliondoka na jahazi mwezi ule ule, huenda yuko Kuwait. Labda alilewa kweli. Labda naye alikuwa na adabu tu. Mpaka leo, nikiona mtu mzima ananywa kahawa kimya kimya, humtazama vidole.

Nasahau gari. Tulipotaka kumwachia pikapu lake, rota haikuonekana. Nilijipekua mifuko yote. Nassor anasubiri, shavu mkononi, magunia ya tajiri wake juani. Nikakimbia nyumbani, nje ya ukuta wa mji, jua la Ijumaa linapasua utosi.

Zuwena alikuwa ameianika juu ya ungo pamoja na pilipili. "Niliikuta kwenye kanzu, nikaiosha kwa sabuni," akasema. "Ilikuwa chafu."

Nikamweleza, nimesimama mlangoni, nahema. Alinisikiliza. Nilipofika kwenye finjani ya kumi na moja akaweka mkono mdomoni, na siyo kwa kucheka.

"Wewe," akasema. "Wewe uliyetapika nyuma ya nyumba ya watu."

"Mimi."

"Akishang'olewa jino mlete. Na mama yake, na mkewe, na watoto. Wote."

"Hatoweza kutafuna."

"Nani kamwambia atafune?"

Jino alilitoa kule hospitali ya Matrah, na tulikwenda kwa pikapu lake, yeye akiendesha kwa mkono mmoja na mimi nimeshika usukani upande wangu, Mungu atusamehe, tungejikamata wenyewe. Walikuja magharibi, mama asiyeona ameshikwa mkono na mjukuu, akasalimia kwa Kiswahili kabla hajavuka kizingiti, nami nikaitikia kwa sauti kubwa mpaka majirani wakasikia. Zuwena alitoa kahawa kwanza, kama desturi ya huku. Kila mtu akamtazama Nassor. Akanywa moja, polepole, upande wa kushoto. Akaiinua finjani mbele ya uso wangu akaitikisa, akaitikisa, akaitikisa, mpaka mama yake akauliza, "Kuna nini?" na hakuna aliyeweza kumjibu kwa kicheko.

Kisha tukala bokoboko, ngano na nyama ya mbuzi iliyosongwa toka adhuhuri mpaka ikawa laini kama malai, na samli juu yake na sukari kwa waliotaka. Nassor alikula sahani mbili. Mimi nilikula moja.